Barua ya Wazi: Vyombo vya Ndani vya Marehemu Viandikwe Kabla ya Kuhamishwa

Kwa: Waheshimiwa mahakimu wa Mahakama za Mwanzo, wenyeviti wa vikao vya ukoo na wasimamizi wa mirathi, Tanzania Bara

YAH: KUORODHESHA, KUTHAMINI NA KUGAWA VYOMBO VYA NDANI VYA MAREHEMU

Vyombo vya ndani huonekana na kila anayeingia msibani, lakini ndivyo huandikwa kwa uchache kuliko mali nyingine zote za marehemu. Nyumba ina hati au mkataba wa mauziano, gari lina kadi, akaunti ya benki ina taarifa. Kitanda, jokofu, cherehani, masufuria, redio, kabati la vyombo na sanduku la kanga kwa kawaida havina karatasi yoyote. Ushahidi wake ni kuwapo mahali vilipo. Chombo kikihama, ushahidi nao umehama. Si ajabu basi kukuta Fomu Na. V, yaani taarifa ya mali na madeni inayopelekwa mahakamani, iliyotaja kiwanja kwa namba na shamba kwa mipaka, kisha ikamalizia kwa mstari mmoja: "vyombo vya ndani, vya kawaida". Mstari huo hausemi ni vingapi, ni vya nani, viko kwa nani, wala vina thamani gani.

Ombi linalowasilishwa hapa ni moja lenye sehemu mbili: vyombo viandikwe kabla ya kuhamishwa, na vile vilivyo mali ya mjane au mgane vitengwe kabla ya hesabu ya mirathi kuanza. Maelezo yanayofuata yanapitia kazi hiyo kwa mpangilio, tangu siku za matanga hadi kufungwa kwa jalada.

Sheria inavyodai

Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne, au muda zaidi atakaoruhusiwa, kuwasilisha Fomu Na. V inayoonyesha mali yote na madeni yote ya marehemu. Hayo ndiyo maelekezo ya Kanuni za Usimamizi wa Mirathi za Mahakama za Mwanzo, Tangazo la Serikali Na. 49 la mwaka 1971, na kinachotakiwa ni taarifa ya kweli na iliyokamilika. Baada ya hapo hufuata Fomu Na. VI, yaani hesabu ya fedha zilizopokelewa, zilizolipwa, na mali iliyouzwa au kukabidhiwa. Katika mirathi zinazosimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, orodha hutolewa ndani ya miezi sita tangu uteuzi na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Kote huko sufuria ni mali kama kiwanja kilivyo mali, tofauti ni thamani tu.

Tanzania haitozi kodi ya mirathi, kwa hiyo thamani ya vyombo haitafutwi kwa ajili ya mkusanya kodi. Inatafutwa ili ijulikane kama mali inatosha kulipa madeni, ili mafungu ya warithi yasawazishwe, na ili mwishoni msimamizi aweze kuonyesha kwamba alichokabidhi kinalingana na alichopokea.

Siku zisizo na msimamizi

Kati ya mazishi na uteuzi hupita wiki kadhaa, pengine miezi. Familia hukaa matanga, kikao cha ukoo hupendekeza jina, muhtasari huandikwa, cheti cha kifo hufuatiliwa kwa wakala wa usajili, RITA, maombi hufunguliwa na tangazo hubandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kikao cha ukoo ni mazoea zaidi kuliko sharti la sheria, lakini kina faida isiyopatikana tena baadaye: hukutana wakati vitu vyote bado viko mahali pake.

Katika kipindi hicho hakuna mwenye mamlaka ya kugawa, awe kaka mkubwa, mjane au mwenyekiti wa kikao. Kanuni kongwe ya sheria za mirathi, iliyomo katika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 ambayo bado hutumika Tanzania kwa baadhi ya mirathi, humhesabu anayeishika mali ya marehemu bila idhini kuwa msimamizi wa kujipachika. Mzigo wa kudaiwa anaubeba, mamlaka ya msimamizi hana. Kanuni hiyohiyo huruhusu mambo matatu: kuhifadhi mali isiharibike, kugharimia mazishi, na kukidhi mahitaji ya haraka ya familia. Mchele ulioko stoo hupikwa, na samaki walioko kwenye jokofu hawasubiri hakimu. Jokofu lenyewe hubaki.

Upotevu hutokea hasa siku ya kuanua matanga. Gari lililoleta wageni kutoka mkoani linarudi, na halirudi tupu. Shangazi anapewa kitenge cha kumkumbukia kaka yake. Mpwa anabeba televisheni "aitunze" kwa kuwa nyumba haina mlinzi. Mwingine anatunza redio, mwingine jiko la gesi na mtungi wake. Hakuna aliyeiba, kila mtu ametunza. Miezi minne baadaye msimamizi anatakiwa kuorodhesha vitu vilivyotawanyika mikoa mitatu, na kila anayepigiwa simu anakumbuka kwamba alipewa.

Kinga yake ni daftari la shilingi chache. Kabla wageni hawajatawanyika, watu watatu hupita chumba hadi chumba: mmoja wa upande wa marehemu, mmoja wa upande wa mjane au mgane, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe anayekubalika na pande zote. Wanaandika kilichopo, wanatia sahihi kila ukurasa, na nakala inabaki kwa kila upande. Orodha hiyo haimpi mtu umiliki wa kitu chochote. Kazi yake ni kushuhudia kwamba siku fulani kitu fulani kilikuwa mahali fulani.

Kwa familia za Kiislamu kalenda yenyewe inasaidia. Mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi akiwa nyumbani kwa marehemu, na muda wa Fomu Na. V ni miezi minne tangu uteuzi. Nyumba ikiachwa kama ilivyo hadi eda ishe, orodha kamili hupatikana bila kumwondolea mjane godoro alilolalia wala sufuria anayopikia. Hata kwa wasiokaa eda, kuvitumia vyombo vya nyumba katika kipindi hiki ni kuvihifadhi, na kuvitumia hakumfanyi mtumiaji awe amevirithi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inamwachia mjane uhuru wa kuishi anapotaka, liwe liwalo katika mila, kwa hiyo kuondoka kwake kurudi kwao hakuwezi kuwekwa kuwa sharti la kikao kuendelea.

Kipi ni mirathi na kipi si mirathi

Si kila kilichomo nyumbani kwa marehemu ni mali ya marehemu. Sheria ya Ndoa inasema kwamba kuoana hakubadilishi umiliki: mume ana vyake, mke ana vyake, na kila mmoja anaweza kununua na kumiliki kwa jina lake. Kilichopatikana kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa chake, kilichopatikana kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa chao kwa usawa, na zawadi ambayo mwenzi mmoja alimpa mwenzake huchukuliwa kuwa ya aliyepewa, mpaka ithibitishwe vingine.

Kwa hiyo masufuria na vyombo alivyopewa bibi harusi kwenye kichen pati, kanga na vitenge vyake, dhahabu aliyovishwa, cherehani aliyoinunua kwa fedha za kikundi chake, na mtaji wa genge lake havimo katika mirathi ya mume. Vivyo hivyo mume akifiwa na mke: zana zake za kazi hazigeuki urithi wa wakwe. Nje ya mirathi pia yapo maturubai na viti vya kikundi vilivyohifadhiwa stoo, kompyuta ya mwajiri, nguo za wateja wa fundi cherehani, redio iliyoletwa kutengenezwa, na vitabu vya mtoto wa shule. Kitu kilichokopwa dukani na bado kinalipiwa huandikwa pamoja na deni lake.

Utengaji huu ni mzito kuliko unavyoonekana, hasa pale sheria ya kimila inapotumika. Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, linaweka daraja la kwanza kwa mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa, la pili kwa wana wengine wa kiume na la tatu kwa mabinti. Na linasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo, kwa hoja kwamba atatunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ilizipitia kanuni za namna hiyo katika shauri la wajane wawili wa Tanzania, ikaona kwamba nchi imekiuka mkataba. Hata hivyo, msimamizi anayefuata tamko hilo bado hana ruhusa ya kugawa kisichokuwa cha marehemu. Mjane asiye na fungu katika mali ya mume anabaki na mali yake mwenyewe, na ni orodha itakayoitofautisha.

Karatasi kabla ya kabati

Upekuzi wa nyumba huanza na karatasi, maana karatasi moja inaweza kuwa na thamani kuliko samani zote. Zinazotafutwa ni hati au leseni ya makazi, mikataba ya mauziano, kadi ya gari au pikipiki, kadi za benki, kadi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, daftari la kikoba au SACCOS, risiti, wosia, na karatasi za madeni, ya kudai na ya kudaiwa. Mahali pa kutafuta panajulikana kwa wakaao nyumbani: chini ya godoro, ndani ya msahafu au Biblia, kwenye droo ya cherehani, katika mkebe wa biskuti, nyuma ya picha ya ukutani, mifukoni mwa makoti yasiyovaliwa. Ndiyo maana kuchoma "makaratasi ya zamani" au kugawa nguo kabla ya kuzipekua hukatazwa.

Simu ya marehemu ni sehemu ya karatasi hizo. Ndani yake zimo fedha za mtandao, ujumbe wa miamala, na mara nyingine orodha ya wadaiwa. Anayejua namba ya siri hapaswi kuhamisha salio, hata kama ni kwa ajili ya sanda. Laini huachwa ikiwa hai, simu huandikwa na kuwekwa pamoja na hati, na fedha hudaiwa kwa mtoa huduma na msimamizi akiwa na barua ya uteuzi na cheti cha kifo.

Namna ya kuandika

Orodha nzuri hufuata nyumba, chumba baada ya chumba, kuanzia mlangoni na kuzunguka upande mmoja, kisha stoo, jikoni, uani na juu ya dari. Kila kitu hupewa namba. Kwa kila namba huandikwa kitu chenyewe, idadi, hali yake, mahali kilipo, anayekitumia, anayekidai kama yupo, na kadirio la thamani. Picha ya simu hupigwa kila chumba, na ya karibu kwa kila kitu cha thamani. Mfano wa mstari unaotosha ni huu:

"Na. 14. Cherehani moja ya miguu, meza ya mbao, droo ya kushoto haifungi, mkanda mpya, inashona. Ipo chumba cha pili, chini ya dirisha. Hutumiwa na mjane, anasema ni yake, risiti ipo. Kadirio sh 180,000."

Mstari huo unajibu maswali ambayo yangeweza kuligharimu jalada mwaka mzima. Droo isiyofunga inaitambulisha cherehani hiyo na si nyingine. Dirisha linaonyesha kwamba haikuletwa baadaye. Neno "risiti" linamwelekeza hakimu kwenye uthibitisho. Vitu vidogo vya aina moja huweza kuandikwa pamoja, mathalani "sahani za udongo 12, vikombe 9, sinia 2", mradi idadi itajwe. Kitu kinachogombewa hakiondolewi kwenye orodha wala hakipewi upande mmoja. Huandikwa pamoja na majina ya wanaokidai, na uamuzi huachiwa mahakama.

Bei ipi?

Thamani inayotakiwa ni bei ambayo chombo, katika hali kilivyo leo, kingenunuliwa na mtu asiye ndugu na asiyeshurutishwa. Bei ya risiti ya zamani haifai kwa sababu chombo kimechakaa. Bei ya chombo kipya dukani haifai kwa sababu hakuna atakayeitoa. Bei ya huruma ya jirani anayetaka kununua haraka nayo haifai. Tarehe ya ukadiriaji huandikwa, maana bei hubadilika.

Ardhi na majengo yana wathamini wake waliosajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini Na. 7 ya mwaka 2016. Vyombo vya ndani havihitaji gharama hiyo. Kwa samani hutosha kuuliza wauzaji wawili wa samani zilizotumika na kuandika majibu yao. Kwa jokofu, televisheni na mashine huitwa fundi aseme kama kinafanya kazi na kinahitaji nini. Aina ya mbao hubadilisha bei: kitanda cha mninga au mkongo huuzika hata kikiwa na umri mkubwa, wakati kabati la ubao wa kiwandani lililovimba kwa maji huenda lisipate mnunuzi kabisa. Kitu kisicho na bei huandikwa "hakina thamani ya kuuzika", wala hakiachwi nje.

Dhahabu hupimwa, haikadiriwi kwa macho. Sonara hutaja uzito kwa gramu na karati, na karati 24 ndiyo dhahabu halisi. Bangili ya gramu 20 ya karati 18 ina gramu 15 za dhahabu. Ya uzito huohuo ya karati 22 ina gramu 18 na kidogo. Warithi wawili waliopewa "bangili moja moja" wanaweza basi kuwa hawajapata sawa. Kabla ya kupima huulizwa kwanza ni ya nani, kwa kuwa dhahabu ya nyumbani mara nyingi ni ya mke.

Vitu vya kale vina taratibu zake. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, kama zinavyopatikana katika nyumba za pwani, inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Haing'olewi ikapelekwa sokoni kiholela, na idara ya mambo ya kale huulizwa kwanza.

Hesabu inavyobadilika kwa utengaji

Mfano mdogo unaonyesha kwa nini mpangilio wa hatua una uzito. Ichukuliwe nyumba ambayo vyombo vyote vilivyomo vinakadiriwa kuwa sh 2,400,000. Vyombo vya sh 600,000, cherehani ikiwemo, ni vya mjane. Marehemu anadaiwa sh 360,000. Ameacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Wazazi wake walitangulia.

Vya mjane vikitengwa kwanza, zinabaki sh 1,800,000; deni likilipwa, zinabaki sh 1,440,000 za kugawa. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani moja ya nane, sh 180,000. Zilizobaki, sh 1,260,000, hugawanywa mafungu manne: mtoto wa kiume mawili, sh 630,000, na kila binti moja, sh 315,000. Kwa Sheria ya Urithi ya mwaka 1865, inayotumika hasa kwa mirathi ya Wakristo wasioishi kimila, mjane hupata theluthi, sh 480,000, na watoto wote hugawana sawa, sh 320,000 kila mmoja. Kwa tamko la kimila la mwaka 1963 mjane hapati kitu katika zile sh 1,440,000.

Vya mjane visipotengwa, cherehani na masufuria yake yanaingia katika fungu la kugawa, ambalo baada ya deni linakuwa sh 2,040,000. Thumni yake ni sh 255,000. Aliyekuwa aondoke na vyake vya sh 600,000 pamoja na urithi wa sh 180,000, jumla sh 780,000, anaondoka na sh 255,000. Chini ya tamko la kimila angeondoka mikono mitupu, na cherehani yake mwenyewe ikawa urithi wa wengine. Hakuna fungu la sheria lililobadilishwa katika mifano hii miwili. Kilichobadilika ni orodha.

Madeni na mauzo

Gharama za mazishi, gharama za kusimamia mirathi na madeni hutangulia mgawo. Katika mirathi ya Kiislamu mahari ambayo hayajalipwa ni deni la mjane, hulipwa kabla ya urithi, na wosia hauzidi theluthi ya kinachobaki baada ya madeni. Wadai wakiwapo na fedha taslimu ikakosekana, huanza kuuzwa vile ambavyo nyumba inaweza kuishi bila yake. Jenereta isiyotumika na seti ya pili ya makochi huuzwa kabla ya kitanda cha watoto.

Mauzo hufanywa na msimamizi aliyeteuliwa, kwa mnada au kwa mnunuzi aliyetoa bei kubwa, na risiti huandikwa. Msimamizi hajiuzii mwenyewe wala hamuuzii mkewe kwa bei ya chini. Mrithi anayetaka kitu hukichukua kwa bei ya orodha, na bei hiyo hukatwa katika fungu lake. Mwenye nyumba wa marehemu aliyekuwa amepanga ni mdai kama wadai wengine: hudai kodi iliyobaki, lakini hafungi chumba akauza vilivyomo. Naye anastahili kupata chumba chake bila kucheleweshwa, kwa hiyo orodha ya nyumba ya kupanga huandikwa mapema kuliko nyingine, na kodi iliyolipwa mbele huandikwa pia kwa ajili ya kufuatiliwa.

Mgawo

Vyombo havikatiki vipande, kwa hiyo hugawanywa kwa mafungu ya thamani. Njia inayozuia ugomvi ni kupanga vitu katika mafungu yanayolingana na haki ya kila mrithi, kisha kupiga kura. Tofauti ndogo hufidiwa kwa fedha. Njia nyingine ni kuchagua kwa zamu, kila kilichochaguliwa kikihesabiwa kwa bei yake, na zamu kugeuzwa duru inayofuata ili wa kwanza awe wa mwisho. Fungu la mtoto mdogo hukabidhiwa mlezi wake kwa sahihi, nalo huendelea kuwa la mtoto.

Jirani wa kaskazini ametatua sehemu ya tatizo hili kwa kifungu cha sheria. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inampa mwenzi aliyebaki, pale ambapo marehemu hakuacha wosia, vitu binafsi na vyombo vya nyumbani moja kwa moja, mbali na haki yake katika mali nyingine. Sheria hiyo inavitaja: nguo, mapambo, samani, vifaa, picha, chakula, vinywaji, vyombo vya jikoni na vitu vingine vya kawaida vya nyumba ya ndoa. Haihusishi gari wala kitu cha biashara au taaluma ya marehemu, na mirathi ya Waislamu hufuata sheria yao. Tanzania Bara haijaweka kifungu cha namna hiyo kwa mirathi zote, na mpaka kiwepo, mzigo unabaki kwenye Fomu Na. V. Warithi watu wazima wanaokubaliana wanaweza hata sasa kumwachia mjane au mgane vyombo vyote kwa maandishi, kila mmoja akisamehe fungu lake.

Vitu visivyo na bei huleta ugomvi mkubwa kuliko jokofu: albamu ya picha, bakora, kofia ya marehemu, msahafu wenye majina ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa. Picha hupigwa nakala kwa simu ili kila mrithi awe nazo kabla ya albamu kwenda kwa mmoja. Vilivyobaki hutolewa kwa makubaliano, na huandikwa viliko.

Kuondoa vitu

Baada ya mgawo nyumba husafishwa. Nguo hugawiwa kwa desturi ya familia zikiwa zimepekuliwa mifuko na pindo. Dawa zilizobaki hurudishwa hospitalini au kwa mfamasia. Hazipewi jirani mwenye ugonjwa unaofanana. Bunduki yenye leseni hupelekwa polisi tangu siku za mwanzo, kwa kuwa leseni ni ya mtu na hairithiwi pamoja na chuma chake. Pasipoti ni mali ya Serikali na hurudishwa. Kompyuta na simu hufutwa taarifa za siri baada ya karatasi na picha zinazohitajika kunakiliwa, kamwe si kabla. Vya kutupwa huandikwa navyo: "namba 52 hadi 60, vimeteketezwa, mashahidi wawili".

Jalada hufungwa kwa Fomu Na. VI. Kila namba ya orodha ya kwanza iwe na hatima yake: kilikabidhiwa nani, kiliuzwa kiasi gani, kilirudishwa kwa mwenyewe, au kilitupwa. Namba isiyo na hatima ndiyo swali la hakimu kwa msimamizi.

Yanayoombwa

Mahakimu wanaombwa wasipokee Fomu Na. V yenye neno "vyombo vya ndani" bila orodha. Wamwulize mwombaji siku ya uteuzi kama orodha ya matanga ipo. Na wamwite mjane au mgane athibitishe vilivyotengwa kabla ya mgawo kuidhinishwa.

Vikao vya ukoo vinaombwa viweke uandikaji wa vyombo kuwa ajenda inayotangulia kupendekeza jina la msimamizi, na orodha iambatanishwe na muhtasari. Aliyekwisha "kutunza" kitu akitaje mbele ya kikao, nacho kiandikwe pamoja na mahali kilipo.

Wasimamizi wanaombwa watunze daftari moja tangu mwanzo hadi mwisho, wahifadhi risiti, wasitumie vyombo vya mirathi kama vyao, na wawasilishe hesabu kwa wakati bila kusubiri kuitwa.

Nakala: Maofisa watendaji wa kata na mitaa, wenyeviti wa serikali za mitaa na vijiji, masheikh, mapadri na wachungaji wanaoongoza misiba.